Unajua, Unataka, Ila Hufanyi: Mwongozo Kamili wa Kubadili Matendo ya Kila Siku kwa Faida ya Mazingira

Anayeacha bomba likimwaga maji huku akipiga mswaki hahitaji kuambiwa kwamba maji ni uhai. Anajua. Pengine hata wanawe wamemsikia akiwakemea kwa kosa hilohilo. Kampeni nyingi za mazingira hukwama hapa: zinamwongezea habari mtu ambaye hakupungukiwa na habari. Bango jipya linabandikwa, vipeperushi vinagawiwa, watu wanaitikia kwa kichwa, na kesho yake mkono unafanya kile ulichozoea.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: usianze na moyo wa mtu, anza na mahali anaposimama wakati wa kutenda. Kati ya nia na tendo kuna mazoea, kuna urahisi au ugumu wa jambo lenyewe, kuna macho ya watu wengine, na kuna ile nukta ambapo mtu anaamua bila hata kujua kwamba ameamua. Wanasaikolojia wamevipima vitu hivi kwa miongo kadhaa, majumbani, mahotelini na maofisini, na sehemu kubwa ya walichokigundua inaweza kutumiwa na mtu yeyote bila bajeti wala mamlaka.

Hatua hizi zinamfaa anayetaka kujibadili mwenyewe, na pia anayesimamia nyumba, ofisi, shule au jengo lenye wapangaji wengi. Zifuate kwa mpangilio, hasa tatu za mwanzo, maana ndizo watu wengi huziruka.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja, na liwe zito

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, mradi haba zenyewe ziwe na kitu ndani. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 505 ni njia ipi bora ya kuokoa nishati. Wengi walitaja kupunguza matumizi, kama kuzima taa, na wachache tu ndio waliotaja kutumia vifaa vinavyokula nishati kidogo. Walipotakiwa kukadiria, walikosea zaidi kwenye vitu vikubwa: waliona vinakula nishati ndogo kuliko ukweli. Taa inaonekana, inawaka mbele ya macho. Hita ya maji imefichwa nyuma ya ukuta, nayo ndiyo inayomaliza umeme.

Kanuni ya kushika ni hii: kinachopasha joto, kinachopoza na kinachosafirisha watu kwa kawaida hula nishati nyingi kuliko kinachotoa mwanga au sauti. Seth Wynes na Kimberly Nicholas, katika utafiti wao wa mwaka 2017 kuhusu nchi zilizoendelea, walikadiria kwamba kuishi bila gari huokoa kama tani 2.4 za hewa ukaa kwa mwaka, kuepuka safari moja ya ndege ya kwenda na kurudi kuvuka Atlantiki huokoa tani 1.6, na kula vyakula vitokanavyo na mimea pekee huokoa tani 0.8 kwa mwaka. Kurejeleza taka, jambo ambalo wengi hulitaja la kwanza, kulikuwa chini sana ya hayo. Makadirio hayo hayamhusu kila mtu kwa kiwango kilekile, kwa sababu asiye na gari hawezi kuokoa kwa kuliacha. Yanachofundisha ni kuupima uzito wa tendo kabla ya kulitolea jasho.

Halafu tenganisha mambo ya aina mbili. Kuna tendo la mara moja, kama kununua friji isiyokula umeme mwingi au kuziba mwanya wa dirisha, na kuna tendo la kurudiwa, kama kuzima, kubeba, kutenga, kutembea kwa miguu. La mara moja linahitaji uamuzi na pesa siku moja tu, kisha linajiendesha lenyewe. La kurudiwa linahitaji mazoea. Ukiweza kupata faida ileile kwa tendo la mara moja, chagua hilo, wala usijisikie vibaya kwamba hukuteseka.

Mwisho, liandike tendo lako kwa namna ambayo hata mgeni akiingia ataweza kusema limefanyika au halijafanyika. "Kupunguza matumizi ya umeme" si tendo, ni matumaini. "Kuzima hita ya maji kila mtu wa mwisho anapotoka kuoga asubuhi" ni tendo.

Hatua ya 2: Litazame tendo kwa wiki moja bila kulibadilisha

Hatua hii ndiyo inayonyimwa haki yake. Kwa siku saba usijirekebishe, tazama tu. Kila mara tendo linapofanyika au linapokosa kufanyika, andika mambo manne: ulikuwa wapi, ulikuwa umetoka kufanya nini, nani alikuwepo, na mikononi ulikuwa na nini.

Hilo la mikono linaonekana dogo, lakini ndilo linalofichua mengi. Chukua nyumba iliyokubaliana kutenga karatasi na takataka nyingine. Ni saa tatu usiku. Mtu ameshika boksi la maziwa lililolowa, linadondosha matone sakafuni. Ndoo ya taka iko chini ya sinki, mguuni pake. Kasha la karatasi liko verandani, mlango umeshafungwa kwa funguo, na funguo ziko chumbani. Anatazama mlango, anatazama boksi, matone yanaendelea kudondoka. Boksi linaingia kwenye ndoo. Mtu huyu anapenda mazingira, na ukimwuliza kesho atakujibu kwa dhati kabisa. Kilichomshinda ni mlango uliofungwa, funguo zilizo mbali na matone matatu ya maziwa. Hakuna hotuba itakayotatua hilo, ila kasha likihamia kando ya sinki limetatuliwa.

Ukiangalia kwa wiki nzima utaona kwamba tendo lako halikosewi ovyoovyo. Linakosewa saa zilezile, mahali palepale, na mara nyingi na mtu yuleyule akiwa katika hali ileile ya uchovu au haraka. Hapo ndipo pa kushughulikia.

Hatua ya 3: Tafuta linapokwamia

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia yake iliyochapishwa mwaka 1991, alieleza kwamba nia ya mtu hujengwa na mambo matatu: anavyoliona jambo lenyewe, anavyodhani watu anaowajali wanamtarajia afanye nini, na anavyojiona kuwa na uwezo wa kulifanya. Watafiti wa mazoea wakaongeza jambo la nne: tendo lililorudiwa mara nyingi mahali pamoja huanza kujiendesha, na nia haiulizwi tena.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari lako na ujiulize. Je, mhusika hajui namna ya kulifanya, kwa mfano hajui plastiki ipi inapokelewa na ipi hairejelezwi? Anajua, lakini ni usumbufu? Si usumbufu, ila anasahau? Anakumbuka, lakini anajiona peke yake? Au haamini kwamba litasaidia chochote?

Kila jibu lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Anayesahau hahitaji kuelimishwa. Asiyejua hahitaji kukumbushwa. Anayejiona peke yake hahitaji kasha jipya la taka. Nimeona jitihada nyingi njema zikififia kwa sababu tu waliozianzisha walidhani kila kukwama ni ujinga, wakachapisha mabango.

Hatua ya 4: Rekebisha mahali

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, ndivyo tulivyofundishwa. Katika kubadili mwenendo wa watu, kazi yako ni kukitoa hicho kitu mvunguni na kukiweka mezani, asiwepo wa kuinama.

Punguza hatua kwa tendo unalolitaka na uongeze hatua kwa lile usilolitaka. Mfuko wa kubebea vitu ukae kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, si kwenye kabati. Kifaa kinachokula umeme hata kikiwa kimezimwa kiunganishwe kwenye swichi moja inayofikika kwa mkono, si nyuma ya kabati la televisheni. Chombo cha karatasi kikae pale karatasi zinapozaliwa: kando ya meza, karibu na mashine ya kuchapisha. Na ndoo kubwa ya taka mchanganyiko iwe ndiyo iliyo mbali.

Chombo chenye nguvu kuliko vyote katika hatua hii ni chaguo-msingi, yaani kile kinachotokea mtu asipochagua chochote. Nchini Ujerumani, Felix Ebeling na Sebastian Lotz waliwafanyia jaribio maelfu ya kaya zilizokuwa zikijiandikisha kwa umeme mtandaoni, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Pale ambapo mteja alitakiwa kuweka alama mwenyewe ili apate umeme wa vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha kama jua na upepo, waliouchukua walikuwa kama asilimia 7. Pale ambapo alama ilikuwa imeshawekwa na mteja yuko huru kuiondoa, waliubakiza kama asilimia 69. Watu ni wa aina ileile, uhuru ni uleule, tofauti ni kisanduku kimoja.

Katika chuo kikuu kimoja nchini Sweden, mashine za kuchapisha zilipowekwa zichapishe pande mbili za karatasi bila kuulizwa, matumizi ya karatasi yalishuka kwa asilimia 15. Ujumbe wa kuwasihi watu wapunguze kuchapisha haukuleta mabadiliko yoyote yaliyopimika. Na katika mahoteli ya Norway, kupunguza ukubwa wa sahani mezani kulipunguza chakula kinachotupwa kwa takriban asilimia 20, na hakuna aliyelazimishwa kula kidogo, kwani kila mtu angeweza kurudi kuongeza.

Lakini chaguo-msingi lina masharti ya uadilifu. Watangazie watu kwamba limebadilishwa na kwa nini, na kuliondoa kuwe jambo la sekunde chache. Lililowekwa kwa kificho, siku likigundulika, linaharibu imani ambayo utaihitaji kwa mambo makubwa zaidi.

Hatua ya 5: Lifunge tendo jipya kwenye la zamani

Yapo matendo ambayo mahali peke yake hapatoshi. Hapo unahitaji mpango wenye sura hii: nikishafanya hiki, nitafanya kile. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeonyesha nguvu ya mipango ya namna hii. Kitu kinachotokea kila siku kinageuzwa kuwa kengele ya tendo jipya, ili usitegemee kumbukumbu.

Uholanzi, watafiti waliwaomba wafanyakazi wa kampuni moja ya simu waandike ni lini, wapi na vipi watakavyopeleka karatasi na vikombe vilivyotumika kwenye vyombo vya kurejelezea. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2006. Mazoea ya kutupa kila kitu kwenye kikapu kimoja yalivunjika, na miezi miwili baadaye bado walikuwa wanatenga. Kilichotumika ni kipande cha karatasi na kalamu.

Jaza sentensi yako kwa vitu halisi. "Nikishazima kompyuta, nitabonyeza na swichi ya ukutani." "Nikishavaa viatu, nitachukua mfuko kwenye kitasa." "Nikishafunga friji usiku, nitatoa mbele kile kitakachoharibika kwanza." Kengele nzuri ni tendo unalolifanya kila siku bila kukosa, lenye mwisho unaoonekana. "Jioni" si kengele. "Nikishaosha chombo cha mwisho" ni kengele.

Utaambiwa na wengi kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya, na katika matokeo yao ya mwaka 2010 kati na kati ilikuwa siku 66, kuanzia siku 18 kwa wepesi hadi makadirio ya siku 254 kwa waliochelewa zaidi. Jambo jepesi hushika mapema, gumu huchukua msimu mzima. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosa leo, fanya kesho, usianze kuhesabu upya kana kwamba yote yamepotea.

Kuna na majira ya kuvizia. Mazoea hushikiliwa na mahali, hivyo mahali pakibadilika yanalegea. Bas Verplanken na Deborah Roy walizifuatilia kaya 800 nchini Uingereza, nusu yake zikiwa zimehamia nyumba mpya hivi karibuni, na wakaona mwaka 2016 kwamba waliohama ndio walioitikia zaidi mafunzo ya mwenendo rafiki kwa mazingira. Mlango huo ulibaki wazi kama miezi mitatu. Kwa hiyo kama unahama, unaanza kazi, umepata mtoto au umestaafu, huo ndio wakati wa kupanga upya utasafirije, utapikaje, utatupaje. Msimamizi wa jengo amkaribishe mpangaji mpya kwa maelekezo ya taka wiki ya kwanza, si mwaka unaofuata.

Hatua ya 6: Tumia nguvu ya watu wengine, tena kwa uangalifu

Hapa ndipo penye nguvu kubwa na ndipo penye hatari kubwa. Ukimwuliza mtu kwa nini anaokoa umeme, atakutajia mazingira, vizazi vijavyo, pesa. Mwisho kabisa atataja majirani. Lakini Jessica Nolan na wenzake walipopima mwaka 2008 huko California, kilichohusiana zaidi na tabia ya mtu ya kuokoa umeme ni imani yake juu ya kile majirani wanachofanya. Tunaigana kuliko tunavyokiri.

Mwaka huohuo Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha jaribio lililokuja kujulikana sana. Katika vyumba vya hoteli waliweka kadi za kuwaomba wageni watumie taulo zao zaidi ya mara moja. Kadi iliyosema "saidia kulinda mazingira" iliitikiwa na kama asilimia 35. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hutumia tena taulo zao iliitikiwa na kama asilimia 44. Na katika jaribio la pili, kadi iliyotaja wageni waliowahi kulala katika chumba hichohicho ilifika kama asilimia 49. Angalia hilo la mwisho: waliolala humo kabla yako huwajui, hutawaona, na bado walisimama mahali uliposimama, na hiyo ilitosha.

Sasa hatari yake. Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Cialdini na wenzake waliweka bango lililosikitika kwamba wageni wengi waliopita wamechukua miti hiyo. Wizi ukafika karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa kwa jaribio. Bango lililowasihi tu watu wasichukue liliandamana na wizi wa chini ya asilimia 2. Kumbe kulalamika kwamba "kila mtu anatupa taka ovyo hapa" ni kumwambia msomaji kwamba kutupa taka ndiyo kawaida ya mahali hapa. Pitia matangazo yote ya jengo au ofisi yako leo, na kila lenye lalamiko la namna hiyo, libandue.

Hatari ya pili iko kwenye wastani. San Marcos, California, kaya ziliambiwa zinatumia umeme kiasi gani zikilinganishwa na majirani. Utafiti ukatoka mwaka 2007. Waliokuwa juu ya wastani walishuka. Waliokuwa chini ya wastani walipanda. Walipochorewa kando ya takwimu zao kikatuni cha uso unaotabasamu, kupanda huko kukakoma. Kwa hiyo anayefanya vizuri usimpe namba tupu, mpe na pongezi.

Na kama wanaofanya vizuri bado ni wachache? Usidanganye kwamba ni wengi, kwa sababu watu watachungulia na kujua. Sema kweli nyingine: kwamba wanaongezeka. Gregg Sparkman na Gregory Walton, mwaka 2017, waliwapa wateja wa mkahawa wa chuo maelezo ya aina mbili. Kundi moja lilisoma kwamba Wamarekani 3 kati ya 10 hujitahidi kula nyama kidogo. Jingine lilisoma kwamba 3 kati ya 10 wameanza kujitahidi. Katika kundi la kwanza asilimia 17 waliagiza mlo usio na nyama, katika la pili asilimia 34. Takwimu ni ileile, ila moja imesimama na nyingine inatembea.

Tangazo lako basi liwe na sura kama hii: "Tangu mwezi uliopita, vyumba 14 kati ya 20 vya jengo hili vimeanza kutenga taka. Asanteni. Vyombo viko kando ya ngazi." Ukweli unaoweza kuhakikiwa, watu wa mahali palepale, mwelekeo, shukrani, na mahali pa kwenda. Lisizidi hapo.

Kuna upweke mmoja unaostahili kuvunjwa hadharani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliowahoji karibu watu 130,000 katika nchi 125, ulikuta asilimia 69 wako tayari kutoa asilimia 1 ya kipato chao cha mwezi kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Walipoulizwa wanadhani wananchi wenzao wangapi wangekubali, wakasema asilimia 43. Kila mmoja amekaa akidhani yeye ni wa ajabu, kumbe wamejaa. Mimi hili linanipa moyo kuliko jambo jingine lolote katika fani hii. Dawa yake ni tendo lako jema lionekane na usilionee haya.

Hatua ya 7: Zungumza na wa nyumbani bila kuwasukuma

Mtu akihisi uhuru wake unaguswa hufanya kinyume ili aurudishe. Jack Brehm alilieleza jambo hili mwaka 1966, na kila mzazi wa kijana anayebalehe amelishuhudia bila kusoma popote. Ndiyo maana agizo likitolewa kwa ukali, hata likiwa sahihi, huzaa taa inayoachwa ikiwaka kwa makusudi.

Badala ya "mwanangu, nimekwambia mara ngapi uzime hita?", uliza: "Mwanangu, hii hita tunaisahau kila asubuhi. Unaona tufanyeje?" Kisha nyamaza. Akisema "tubandike karatasi mlangoni", hata kama wewe ulikuwa na wazo bora, anza na lake, na karatasi aiandike yeye kwa mwandiko wake. Ahadi ambayo mtu ameitoa kwa hiari, kwa kinywa chake na mbele ya wengine, humshika kuliko ile aliyowekewa na mwingine. Tena iwe ahadi ya jambo mahususi, si ya kupenda mazingira kwa ujumla.

Hatua ya 8: Pesa iingie kwa kupimwa

Tozo na zawadi havilingani hata kiasi kikiwa kilekile. Tatiana Homonoff alilinganisha maduka ya eneo la jiji la Washington nchini Marekani: kwingine mteja alitozwa senti 5 kwa kila mfuko wa kutumia mara moja, kwingine alipewa senti 5 akija na mfuko wake. Zawadi haikubadili karibu chochote. Tozo ilipunguza wanaotumia mifuko hiyo kwa zaidi ya pointi 40 za asilimia. Kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Ukitaka kutumia pesa, gharama ndogo inayoonekana wakati wa kutenda itafanya kazi kuliko punguzo.

Ila faini inaweza kugeuka bei. Uri Gneezy na Aldo Rustichini, mwaka 2000, walieleza yaliyotokea katika vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israel: wazazi walipoanza kutozwa faini kwa kuchelewa kuwachukua watoto, waliochelewa waliongezeka, na faini ilipofutwa hawakurudi kuwa wachache. Aibu ilikuwa imeondoka, imebaki huduma inayolipiwa. Nyumbani nisingeweka faini kabisa.

Hatua ya 9: Onyesha matokeo palepale

Bili ya mwisho wa mwezi inafika ikiwa imechelewa. Haisemi ni siku ipi wala ni nani. Ripoti zinazolinganisha kaya na majirani, zilizotumwa kwa njia ya posta kwa kaya kama 600,000 nchini Marekani, zilipunguza umeme kwa wastani wa asilimia 2. Nchini Uswisi, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bomba la mvua, kinachoonyesha maji na nishati inayotumika wakati mtu angali anaoga, kilipunguza nishati ya kuogea kwa asilimia 22. Tofauti kubwa iko kwenye wakati: mtu anaona namba ikipanda mkono wake ukiwa umbali mfupi kutoka kwenye bomba.

Huna kifaa? Soma mita ya umeme saa ileile kila jioni na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Weka chakula kinachotupwa kwenye chombo kinachoonyesha kilicho ndani kwa wiki mbili. Utashangaa chombo hicho kinavyosema bila kusema.

Hatua ya 10: Chunga tendo jema lisilipiwe na baya

Katika jengo moja la makazi huko Massachusetts, wakazi waliopewa taarifa za kila wiki za matumizi ya maji walipunguza maji kwa asilimia 6. Katika kipindi hichohicho matumizi yao ya umeme yaliongezeka kwa asilimia 5.6 yakilinganishwa na ya wasiopewa taarifa. Utafiti huu wa Verena Tiefenbeck na wenzake ulichapishwa mwaka 2013. Mtu akijiona amefanya wema, hujipa ruhusa upande mwingine.

Kujikinga, acha kujihesabia alama. Usiseme "nimeokoa kiasi hiki, nastahili kile." Sema "sisi ni watu tusiotupa kitu hovyo." Tendo lililoshikamana na utambulisho wa mtu huelekea kuvuta jingine la aina yake, lililoshikamana na hesabu huelekea kudai malipo. Na angalia jumla: ukipima maji, pima na umeme.

Kuhusu hofu na uchovu

Picha za maangamizi huvuta macho na mara nyingi huufunga mkono. Utafiti wa mwaka 2021 uliohoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10 ulikuta asilimia 59 wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 wakasema hisia hizo zinagusa maisha yao ya kila siku. Kijana wa namna hiyo usimwongezee hofu. Kila unapolazimika kutaja hatari, taja papo hapo tendo linalowezekana, tena la kufanywa na wenzake.

Ikishindikana

Baada ya mwezi mmoja, rudia wiki ya kutazama. Kama tendo halijasogea, usiongeze mawaidha. Rudi hatua ya 3 na udhani kwamba ulitambua kizuizi kisicho sahihi, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo: ulidhani ni kusahau, kumbe ni usumbufu. Badilisha kitu kimoja tu, ili ujue ni kipi kilichofanya kazi, kisha ujipe wiki mbili nyingine. Kama limeshika kiasi kwamba siku ukilikosa unahisi umeacha kitu, ondoa vikumbusho, karatasi za mlangoni na daftari, halafu chagua la pili kwa kuanzia tena na uzito wake.